Kishandu Hashindwi Barabarani

Pikipiki iliyo katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kila sekunde. Mtu aliyeshtukizwa kutoka nyuma huhitaji sekunde nzima, mara nyingi na ushee, kabla hajatambua kilichompata na kabla mwili wake haujaanza kufanya lolote. Weka hesabu hizo mbili pamoja na utapata jibu la swali wanalojiuliza wakazi wa Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Nairobi: nifanye nini nikikwapuliwa? Wakati unageuza shingo, simu yako iko nyumba ya pili. Ukifungua mdomo kupiga kelele, imeshakata kona. Hakuna ngumi, karate wala kopo la kupulizia pilipili linaloziba pengo hilo, na anayeuza mafunzo ya kujihami kwa ahadi kwamba utamwangusha mtu aliye juu ya pikipiki anauza ndoto.

Lakini uporaji wa kutumia pikipiki una maisha marefu kuliko hizo sekunde mbili. Unaanza dakika kadhaa kabla, dereva na mwenzake wanapozunguka mtaani wakichagua, na unaendelea siku nyingi baadaye, mpaka simu ipate mnunuzi au laini iliyomo itumike kuchota pesa. Kishandu, yaani mkwapuaji wa kwenye pikipiki, ana nguvu sana pale katikati, na ni dhaifu pande zote mbili. Ushauri mwingi unaopita midomoni mwa watu unatupeleka kupambana naye palepale alipo na nguvu. Ninachodai hapa ni kwamba kinga ya kweli iko kabla ya tukio, kwa kumnyima shabaha, na zaidi iko baada ya tukio, kwa kumnyima faida. Kazi hii ya pili ndiyo tuliyoizembea, na aliyeporwa hawezi kuifanya peke yake.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe inavyofanywa. Wanakuwa wawili: mmoja anaendesha, mwingine amekaa nyuma na mikono mitupu. Wanamjia mtu kwa mgongoni, upande wake ulio jirani na barabara, na hupunguza mwendo kidogo tu, maana pikipiki iliyosimama inaweza kushikwa. Wanapenda mahali penye pa kutokea: mdomo wa kichochoro kinachotokezea barabara ya pili, au mbele ya tuta ambalo gari hulipanda kwa kunyata na pikipiki hulizunguka pembeni. Foleni kwao ni neema, kwa kuwa hakuna gari la kuwafuata; ndiyo sababu simu hukwapuliwa dirishani mwa daladala na magari madogo taa zikiwa nyekundu. Bajaji haina milango, kwa hiyo mkoba uliopakatwa upande wa nje unafikiwa na mkono wa mtu anayepita sambamba bila hata kuinama. Kibao cha namba, kile ambacho Tanzania huanza na MC, kimekunjwa kutazama juu au kimesilibwa tope, na hata kingekuwa kisafi, nani asome tarakimu tatu na herufi tatu za kitu kinachokimbia huku yeye mwenyewe yuko chini? Kofia ngumu, ambayo sheria inaidai kwa usalama wa kichwa, inafanya kazi ya ziada ya kuficha sura.

Mwaka 1979 wanasosholojia wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, walieleza kuwa wizi wa namna hii unahitaji mambo matatu yakutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia, kitu kinachofaa kuibwa, na kukosekana kwa mlinzi. Nia ya mtu huwezi kuigusa ukiwa njiani, na askari hawezi kusimama kila kona. Kilichobaki mikononi mwa mwananchi ni hicho kitu kinachofaa kuibwa, na katika miji yetu kilibadilika haraka mno. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, simu ilianza safari ya kuwa pochi, benki na kitambulisho kwa pamoja. Miaka ileile pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilifurika mitaani, na mwaka 2010 Tanzania ikazitungia kanuni za kubeba abiria kwa malipo. Kitu cha thamani kubwa kinachoshikwa kiganjani na chombo chepesi kinachopenya popote vikaingia mjini vikiongozana. Kishandu ni zao la vitu hivyo viwili kukutana. Kumwona kama kijana aliyeharibika tu ni kuona nusu ya jambo.

Kumnyima shabaha kunaanza na upande wa barabara. Kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo anayetembea kulia anatazamana na vyombo vya upande wake, na anayetembea kushoto amevipa mgongo. Kanuni hii ya zamani ya usalama barabarani inafaa pia dhidi ya vishandu, ingawa haitoshi, kwa sababu pikipiki zetu hupanda njia za waenda kwa miguu na hukimbia kinyume bila haya. Jambo la pili ni mkono. Mkoba ubebwe upande wa ukutani, simu ikae mfukoni, na ikiita mahali pa wazi, ingia dukani au egemeza mgongo ukutani, maliza mazungumzo, irudishe, ndipo uendelee. Mtu anayetembea huku amebandika simu sikioni amefunga sikio moja lililokuwa limwambie kwamba kuna mlio unakuja. Vipokea sauti vya masikioni vinafunga yote mawili.

Hapo kuna mtego mpya ambao hauzungumzwi vya kutosha. Usafiri wa kuita kwa programu umewafundisha watu wengi kusimama kando ya barabara, usiku, simu mkononi kioo kikiwaka, macho yakipandishwa na kushushwa kati ya ramani na kila pikipiki inayopunguza mwendo. Ni mkao uleule ambao kishandu angekuomba ukae. Zaidi ya hayo, pikipiki inayokujia taratibu haikushtui, kwa sababu wewe mwenyewe umeiita pikipiki. Dawa yake ni ndogo: ita usafiri ukiwa ndani ya geti, dukani au kaunta, kariri tarakimu tatu za namba ya chombo, weka simu mfukoni, kisha toka. Abiria wa bodaboda naye asichezee simu akiwa juu ya kiti. Akikwapuliwa hapo, hasara ya simu inakuwa ndogo mbele ya hasara ya kuanguka.

Kuhusu mkanda wa mkoba, wataalamu wa mtaani wamegawanyika. Wapo wanaosema uvishwe kukingama kifua ili usichomoke. Wapo wanaosema uachwe begani ili ukivutwa utoke. Wote wanajibu maswali tofauti. Wa kwanza anauliza jinsi ya kuokoa mkoba, wa pili anauliza jinsi ya kumwokoa aliyeubeba. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda pamoja na watu wawili juu yake inakaribia kilo 250, na mkanda imara uliopita shingoni au kifuani unamfunga mtu kwenye uzito huo ukiwa unakimbia. Ndipo watu wanapoburutwa, wanapovunjika nyonga, wanapogonga kichwa kwenye ukingo wa lami. Uamuzi wangu ni kwamba mkanda wa kukingama unafaa tu ukiwa ndani ya koti, baibui au mtandio, usipoonekana na usipofikika. Ukiwa nje, uache begani, na ukivutwa, achia. Kuachia nako kunahitaji kuamuliwa nyumbani, kwa sababu kiganja kilichoshtuliwa hukaza chenyewe. Anayejua kwamba mkobani hamna cheti halisi, kitambulisho cha taifa wala kadi zote za benki anaachia kwa wepesi. Aliyebeba maisha yake yote ndani ya mkoba ataburutwa nao.

Na wakisimama, wakashuka na panga? Hilo ni kosa jingine lenye kanuni nyingine, na kanuni yenyewe ni fupi: toa. Mwenye panga aliyepewa anachotaka ana sababu ya kuondoka.

Kuna watakaopinga kwamba ushauri wa namna hii unamhamishia mzigo aliyeonewa. Kwa nini mama anayetoka kituoni saa moja jioni ajifunze kutembea kama mkimbizi ndani ya mji wake, ilhali kodi analipa? Pingamizi hili lina haki, na mtu asilijibu kwa kubeza. Mtaa usio na taa, njia ya miguu iliyoishia kwenye mtaro, na kituo cha daladala kilichowekwa mbali na nyumba za watu ni makosa ya waliopanga mji, na yanamwandalia kishandu mahali pa kazi. Ukingo mrefu wa zege na vizuizi vifupi vya chuma kati ya barabara na njia ya miguu vingezuia pikipiki kupanda kwa gharama ndogo kuliko doria ya mwezi mzima. Hata wamachinga, ambao Dar es Salaam iliwaondoa kandokando ya barabara kuanzia Oktoba 2021, walikuwa na sura mbili katika jambo hili: meza zao ziliwasukuma watu kutembea barabarani, na hapohapo macho yao yalikuwa ulinzi usiolipwa. Lakini taa ya mtaa haitawashwa usiku huu. Kumwambia mtu jinsi ya kupunguza hatari wakati anasubiri haki yake hakumfanyi kuwa mkosaji, na asiyefuata ushauri huo akaporwa, mwenye kosa ni aliyepora.

Wengine watasema: mbona wapo waliong'ang'ania na kishandu akaanguka? Wapo, na habari zao husambaa kwa sababu zinafurahisha. Walioburutwa hawana video ya kusambaza. Hata hivyo tofauti ya msingi iko kwenye mizani ya dau: ukishinda unabaki na simu, ukishindwa unapoteza mguu. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili anayecheza dau la namna hiyo mara mbili.

Sasa tuje baada ya tukio, mahali ambapo watu wengi hukaa chini na kulia, kisha huenda kununua simu nyingine. Saa ya kwanza ina thamani kuliko mwezi mzima unaofuata. Kitu cha kwanza kukimbiliwa na kishandu mjanja ni kilichomo ndani: pesa kwenye akaunti ya simu, programu ya benki, na orodha ya ndugu watakaotumiwa ujumbe wa kuomba msaada kwa jina lako. Laini ikichomolewa na kuwekwa kwenye simu nyingine, inapokea namba za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe mfupi, na kwa namba hizo milango mingine hufunguka. Ndiyo sababu laini yenyewe inapaswa kuwa na namba yake ya siri, tofauti na ile ya kufungulia simu na tofauti na ile ya pesa. Simu karibu zote zina sehemu hiyo kwenye mipangilio, na watu wachache mno wameiwasha. Azima simu ya mtu yeyote aliye karibu, piga huduma kwa wateja, kwa Tanzania ni 100, na omba laini pamoja na akaunti ya pesa vifungwe. Kisha benki. Kisha ndugu, ili asiwepo wa kutuma chochote. Polisi wanafuata baada ya hapo, si kwa sababu hawana maana, ila kwa sababu RB, ile namba ya taarifa ya polisi, ikichelewa nusu saa hakiharibiki kitu, na pesa zikichelewa dakika tano zimekwenda.

Watengenezaji wa simu nao wamechelewa, lakini wamefika. Januari 2024 Apple ilitoa kinga inayomlazimu mtu kuonyesha sura au alama ya kidole kabla ya kubadili mambo nyeti simu ikiwa nje ya maeneo yake ya kawaida. Oktoba mwaka huohuo Google ilianza kusambaza kwenye Android, kuanzia toleo la 10, kifungio kinachosoma mtikisiko wa simu. Kikihisi imenyakuliwa mkononi na kuondoka kwa kasi, kioo kinajifunga chenyewe. Majaribio ya awali yalifanyika Brazil, nchi inayowajua vizuri wakwapuaji wa pikipiki, ambako Desemba 2023 serikali ilizindua Celular Seguro, huduma inayomwezesha aliyeibiwa kuzifahamisha benki na kampuni za simu kwa mpigo mmoja. Kwetu mwananchi bado anazungukia milango minne kwa miguu yake, akieleza habari moja mara nne.

Yote hayo yanalinda kilichomo. Simu yenyewe kama bidhaa ni suala la soko, na hapa ushahidi ni mzuri kwa sababu una pande mbili. Septemba 2013 Apple iliweka kifungio kinachoifanya simu iliyoibwa isiwashwe upya bila neno la siri la mwenyewe. Katika miezi 12 iliyofuata wizi wa iPhone ulishuka kwa asilimia 40 San Francisco, na London wizi wa simu janja ulishuka kwa nusu. Hakuna aliyeongeza askari kwa kiasi hicho, na vijana wa miji hiyo hawakuongoka ghafla. Bidhaa ilikosa soko, na kazi ikakosa ujira.

Upande wa pili wa ushahidi unatoka London ileile. Mwaka 2017 jiji hilo lilihesabu zaidi ya matukio 20,000 ya uhalifu uliofanywa kwa pikipiki ndogo. Polisi wakaja na mbinu kali: kuwapulizia wakimbiaji dawa isiyotoka upesi mwilini wala nguoni, na hata kuzigonga pikipiki zao kwa makusudi. Mwaka uliofuata matukio yalipungua kwa takriban theluthi moja. Lakini wizi wa simu haukufa. Ulirudi juu ya baiskeli za umeme, na kwa mwaka 2024 polisi wa London walitaja simu takriban 80,000 zilizoibwa. Mwenye shaka atauliza: si ulisema vifungio vinaua soko? Vinaliua pale vinapofika. Simu iliyofungwa Uingereza ilikuwa inapelekwa China, ambako orodha ya kimataifa ya simu zilizofungiwa mara nyingi haifanyi kazi, ikauzwa nzima au ikapasuliwa kuwa vioo, kamera na betri. Oktoba 2025 polisi hao walitangaza kuvunja mtandao unaoshukiwa kusafirisha hadi simu 40,000 kwenda huko ndani ya mwaka mmoja. Somo ninaloliona ni kwamba kumkimbiza mkwapuaji kunapunguza joto, ila mnunuzi asipoguswa, joto linarudi kwa chombo kingine.

Tanzania ina zana ambayo nchi nyingi maskini hazina. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia mfumo unaozitambua simu kwa IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayoonekana ukibonyeza *#06#. Mfumo unaoweza kuzima simu kwa maelfu unaweza kuzima moja: mwenye simu anachukua RB, anaipeleka kwa kampuni yake ya simu pamoja na IMEI, na simu inafungiwa mitandao yote nchini. Udhaifu unaanza na sisi. Muulize aliyeporwa IMEI yake; alitupa boksi siku aliyonunua. Udhaifu mwingine ni wa kiufundi, na sitaki kuuficha. Wapo mafundi wanaobadili IMEI, simu inaweza kuvushwa mpaka kwenda kutumika nchi jirani isiyobadilishana orodha na yetu, na kioo cha simu iliyofungiwa kinauzika vizuri tu kama spea. Kufungia hakulikaushi soko, kunapunguza bei. Kwa kishandu hilo si dogo: anayehatarisha maisha yake kwa laki tatu huenda asiyahatarishe kwa elfu thelathini.

Kwa hiyo macho yahamie kwenye meza ya fundi na kwa mnunuzi wa simu ya mkononi. Kila simu inayokwapuliwa na kubaki nchini inaishia kwa mtu mmoja asiye na pikipiki wala panga, anayeuliza bei tu. Anajua. Simu ya laki sita inayouzwa laki na nusu, bila boksi, bila chaja, bila risiti, na muuzaji ana haraka, haihitaji upelelezi. Sheria zetu zinamtambua mtu huyo: kupokea mali ya wizi ni jinai Tanzania na Kenya pia, na Kenya adhabu yake inafika miaka 14. Ila ni nadra kusikia mnunuzi amesimama kizimbani peke yake. Mara nyingi hugeuzwa shahidi au hunyang'anywa simu akaambiwa aende. Fundi anayelazimika kuandika kitabuni IMEI na jina la kila anayemletea simu ya kufungua au ya kuuza, na anayejua kitabu hicho kitakaguliwa, atafanya kazi ambayo doria haiiwezi. Gharama yake ni daftari na mkaguzi.

Wenye hasira wataona hayo ni mepesi mno. Watataka bodaboda zipigwe marufuku, au angalau abiria wa nyuma azuiwe. Yamejaribiwa. Desemba 2011, baada ya Alfredo Landaverde, aliyewahi kuwa mshauri wa serikali kuhusu dawa za kulevya, kuuawa na watu waliokuwa kwenye pikipiki, bunge la Honduras lilipiga marufuku kupakia abiria kwenye pikipiki. Mwaka uliofuata nchi hiyo ilibaki miongoni mwa zenye mauaji mengi zaidi duniani. Miji ya Colombia imezuia abiria wa kiume wa nyuma kwa vipindi tofauti, na Bogotá ilitangaza zuio la abiria wa usiku mwaka 2022, maana yake yaliyotangulia hayakumaliza kazi. Ufilipino ilitunga sheria mwaka 2019 ya vibao vikubwa vya namba mbele na nyuma, na waendeshaji wakalalamika kuwa kibao cha chuma mbele ni hatari kwao wenyewe. Kenya, Machi 2022, baada ya waendeshaji kumdhalilisha dereva mwanamke barabarani Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza msako na usajili wa bodaboda wote. Haukupita muda msako ukasitishwa. Kwetu zuio la abiria lina kasoro moja kubwa kuliko zote: bodaboda bila abiria ni kifo cha ajira hiyo, na kwa maelfu ya wagonjwa na wajawazito ambao gari haliwafikii, ni kifo tu. Pia linamfukuza mlinzi tuliyenaye. Kijiwe chenye waendeshaji ishirini wanaofahamiana kwa sura, vizibao na namba ndicho kinachomtambua mapema mgeni anayezunguka na abiria asiyeshuka. Chama cha kijiwe chenye namba ya simu ya kituo cha polisi, na kinachoheshimiwa kinapopiga, kina faida kuliko msako.

Upande wa adhabu, hatuna upungufu. Tanzania unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30. Kenya, kifungu cha 296(2) cha sheria ya adhabu kinamweka kwenye hukumu ya kifo anayepora kwa nguvu akiwa na mwenzake hata mmoja, yaani watu wawili juu ya pikipiki moja wanaingia humo bila hata silaha, ingawa Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Adhabu ya kutisha isiyomfikia mtu haimtishi anayeamini kwamba hatakamatwa, na kwa mwendo wa mita 11 kwa sekunde ana sababu ya kuamini hivyo. Ama hasira za wananchi, za tairi na petroli, ni mauaji. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) kimeyaandika katika taarifa zake za kila mwaka, na haijawahi kuonekana mtaa uliochoma kijana ukapata usalama wa kudumu. Mara nyingine anayechomwa ni bodaboda aliyepita njia hiyo wakati mbaya.

Pingamizi la mwisho ndilo gumu zaidi: ukimziba hapa, atatokea kule, simu isipolipa, atavunja nyumba. Upo ushahidi unaopinga hofu hiyo, na bahati nzuri unahusu pikipiki zenyewe. Mwaka 1980 Ujerumani Magharibi ilianza kuwatoza faini papo hapo wanaoendesha pikipiki bila kofia ngumu. Lengo lilikuwa kuokoa vichwa. Lakini mwizi wa pikipiki wa ghafla hatembei na kofia, na akiendesha bila kofia anaonekana toka mbali. Wizi wa pikipiki ukashuka kutoka takriban 150,000 mwaka huo hadi takriban 54,000 mwaka 1986, na watafiti walipochunguza kama wezi walihamia kwenye magari na baiskeli, hawakukuta ongezeko la kuziba pengo hilo. Wengi waliacha tu, kwa sababu wizi mwingi unafanywa kwa kuwa ni rahisi, na urahisi ukiondoka si kila mtu anatafuta ugumu mwingine. Baadhi ya vishandu wetu watahamia kwingine, sikatai. Sioni sababu ya kuwaachia wote kazi yao kwa sababu ya hao.

Msomaji mwenye simu mkononi sasa hivi, bonyeza *#06#, nakili zile tarakimu kwenye karatasi, na uiache nyumbani. Weka namba ya siri kwenye laini. Washa kifungio cha wizi kama simu yako inacho. Na siku utakapoletewa simu nzuri kwa bei ya kutupa, dai risiti na boksi, visipokuwepo, usinunue.